Sangara wa Ziwa Victoria: Anachokula na Alivyobadili Maisha ya Ziwa

Sangara ndiye samaki aliyelipatia Ziwa Victoria jina katika masoko ya dunia. Minofu yake husafirishwa kwenda Ulaya, Asia na Mashariki ya Kati, mabondo yake huuzwa kwa bei kubwa, na maelfu ya kaya katika mikoa ya Mwanza, Mara, Kagera, Geita na Simiyu hutegemea kipato kinachotokana naye. Hata hivyo, samaki huyu si mwenyeji wa ziwa hilo. Alipandikizwa na binadamu katika miaka ya 1950 na 1960, na katika muda usiozidi miongo mitatu alikuwa amebadili kwa kiasi kikubwa uhai wa ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika.

Umoja wa Kimataifa wa Kuhifadhi Mazingira (IUCN) umemweka sangara katika orodha ya viumbe vamizi 100 vilivyoleta madhara makubwa zaidi duniani. Kwa upande mwingine, sheria za uvuvi za nchi zinazopakana na ziwa humlinda ili asipungue. Makala haya yanaeleza chakula cha sangara, athari zake kwa viumbe wengine wa ziwa, na sababu zinazofanya usimamizi wake uwe jambo linalomhusu kila mwananchi wa Kanda ya Ziwa.

Ziwa na wenyeji wake

Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800. Tanzania inamiliki asilimia 51 ya eneo hilo, Uganda asilimia 43 na Kenya asilimia 6. Pamoja na upana wake, ziwa hili si la kina kirefu: wastani wa kina chake ni takriban mita 40, na sehemu yenye kina kirefu zaidi hufikia takriban mita 80.

Kabla ya kuletwa kwa sangara, samaki waliokuwa wengi zaidi ziwani walikuwa furu, samaki wadogo wa rangi mbalimbali ambao wengi wao hawazidi urefu wa kiganja cha mkono. Wanasayansi wanakadiria kuwa ziwa lilikuwa na spishi zaidi ya 500 za furu, na karibu zote hazikupatikana mahali pengine popote duniani. Jambo linalowashangaza watafiti ni kwamba ziwa lilikauka kabisa au karibu kabisa yapata miaka 15,000 iliyopita. Maana yake ni kuwa wingi huo wa spishi ulijitokeza katika kipindi kifupi mno kwa kipimo cha historia ya viumbe.

Kila kundi la furu lilikuwa na kazi yake. Wapo waliokula mabaki ya viumbe na mimea yaliyotuama chini ya maji, waliokula mwani, waliokwangua miamba, waliokula wadudu na waliovunja magamba ya konokono. Wengine walikula vijidudu vinavyoelea majini, mayai na vifaranga wa samaki wenzao, au hata magamba ya samaki wengine. Kwa mgawanyo huo, karibu kila aina ya chakula kilichokuwamo ziwani ilikuwa na mlaji wake.

Pamoja na furu, ziwa lilikuwa na samaki wengine wa asili waliothaminiwa na wavuvi, wakiwamo ngege, mbiru, ningu, kambare, kamongo, gogogo na dagaa.

Jinsi sangara alivyofika

Sangara, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Lates niloticus, ni mwenyeji wa Mto Nile na wa maji mengine ya Afrika kama vile Ziwa Albert, Ziwa Turkana, Ziwa Chad na mito ya Niger na Kongo. Maporomoko yaliyopo kwenye Mto Nile nchini Uganda yalimzuia kupanda hadi Ziwa Victoria.

Mwanzoni mwa karne ya 20, matumizi ya nyavu za kisasa yaliongezeka na samaki aina ya ngege wakaanza kupungua kwa kasi. Baadhi ya maofisa wa serikali za kikoloni walipendekeza kuletwa kwa samaki mkubwa mla nyama. Hoja yao ilikuwa kwamba furu walikuwa wengi lakini wadogo, wenye miiba na wasio na thamani kubwa sokoni. Hivyo sangara angewala furu na kugeuza wingi huo kuwa samaki mkubwa wa kuuzwa. Wapo pia waliotaka samaki wa kuvua kwa ajili ya mchezo.

Pendekezo hilo lilipingwa. Michael Graham, aliyefanya uchunguzi wa uvuvi wa ziwa hilo mwaka 1927 na 1928, alitahadharisha juu ya kuingiza samaki mkubwa mla nyama bila utafiti wa kutosha. Mwaka 1960, mtafiti Geoffrey Fryer aliandika kupinga mpango huo akieleza kuwa athari zake zisingeweza kutabirika wala kurekebishwa. Pamoja na tahadhari hizo, sangara alikuwa tayari ameonekana ziwani katika miaka ya 1950, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wengine walipandikizwa rasmi kutoka Ziwa Albert na Ziwa Turkana. Katika kipindi hicho pia walipandikizwa samaki wengine wa kigeni, akiwamo sato anayevuliwa kwa wingi hivi sasa.

Chakula cha sangara katika hatua za ukuaji wake

Sangara anaweza kufikia urefu wa mita mbili na uzito wa kilo 200, lakini hula vyakula tofauti kadiri anavyokua. Kifaranga hula vijidudu vinavyoelea majini. Akikua kidogo huhamia kwenye mabuu ya wadudu na uduvi. Anapofikia urefu wa sentimita kadhaa huanza kula samaki, na kuanzia hapo sehemu ya samaki katika mlo wake huendelea kuongezeka hadi anapokuwa mla samaki kamili.

Sangara hachagui sana. Hula kinachopatikana kwa wingi katika eneo na wakati husika, na tabia hiyo ndiyo iliyomwezesha kustahimili mabadiliko aliyoyasababisha mwenyewe. Historia ya mlo wake katika Ziwa Victoria inaweza kugawanywa katika vipindi vitatu.

Kipindi cha kwanza ni kile cha furu wengi. Katika miaka ya 1970, tafiti za uvuvi wa nyavu za kukokota zilionesha kuwa furu walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki waliopatikana karibu na sakafu ya ziwa. Sangara aliyeingia katika eneo jipya alikuta chakula kisicho na ushindani, na furu wakawa mlo wake mkuu.

Kipindi cha pili kilianza baada ya furu kwisha. Sangara wadogo walitegemea zaidi uduvi, na wakubwa wakala dagaa pamoja na watoto wao wenyewe. Tabia ya kula wadogo wa jamii yake si ya ajabu kwa samaki wala nyama, lakini hapa ilichukua nafasi kubwa katika mlo kwa sababu chakula kingine kilikuwa kimepungua.

Kipindi cha tatu ni cha kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, ambapo baadhi ya furu walianza kuongezeka tena. Uchunguzi wa matumbo ya sangara katika Ghuba ya Mwanza umeonesha kuwa furu wamerudi katika mlo wake na kuchukua tena sehemu kubwa.

Kutoweka kwa furu

Kwa takriban miaka 20 baada ya kupandikizwa, sangara walibaki wachache. Ongezeko kubwa lilionekana kwanza upande wa Kenya, katika Ghuba ya Nyanza, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lilifuatia upande wa Uganda, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 lilikuwa limefika Ghuba ya Mwanza.

Furu walikuwa na udhaifu mmoja mkubwa mbele ya adui huyo mpya. Jike wa sangara hutaga mamilioni ya mayai kwa msimu. Jike wa furu hutaga mayai machache tu, kisha huyabeba mdomoni pamoja na vifaranga hadi watakapoweza kujitegemea. Ulezi huo ni kinga nzuri dhidi ya maadui wadogo, lakini haufai kitu pale mama anapomezwa na mayai yake. Samaki anayezaa wachache hawezi kufidia haraka hasara ya namna hiyo.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, waliokuwa wakichunguza furu wa Ghuba ya Mwanza tangu miaka ya 1970, walishuhudia mabadiliko hayo yakitokea mbele yao. Katika miaka michache, nyavu zilizokuwa zikijaa furu zilitoka majini zikiwa na sangara na uduvi. Inakadiriwa kuwa spishi zipatazo 200 za furu zilitoweka au zikapungua kiasi cha kutoonekana tena. Wataalamu wengi wanalihesabu tukio hilo kuwa mojawapo ya matukio makubwa zaidi ya kutoweka kwa wanyama wenye uti wa mgongo katika nyakati za sasa.

Walioponea ni wale waliokuwa katika maeneo ambayo sangara hayapendi au hayafikii kwa urahisi: kwenye miamba yenye nyufa, pembezoni mwa mafunjo na matete ambako hewa ya oksijeni ni kidogo, na katika maziwa madogo yaliyo kandokando. Ziwa Kanyaboli nchini Kenya, kwa mfano, limeendelea kuhifadhi ngege ambao wamekuwa adimu katika ziwa kuu.

Pengo lililobaki katika mnyororo wa chakula

Kuondoka kwa furu kuliacha kazi nyingi bila mtendaji. Mabaki yaliyokuwa yakiliwa na furu chini ya maji yalipata mlaji mpya, uduvi, ambao waliongezeka sana na kugeuka chakula cha sangara wadogo. Vijidudu vinavyoelea vilivyokuwa vikiliwa na furu vilibaki kwa dagaa, nao dagaa wakaongezeka. Mnyororo uliokuwa na mamia ya spishi ukabaki ukitegemea aina tatu au nne za viumbe.

Mabadiliko hayo yaliwafikia hata viumbe wa nchi kavu na angani. Mdiria wa ufukweni, ambao awali walikula furu, walilazimika kuhamia kwenye dagaa. Kwa kuwa dagaa ni wadogo zaidi, ndege hao walihitaji kukamata idadi kubwa zaidi ya samaki kila siku ili kujilisha na kulisha makinda yao.

Misitu nayo iliguswa. Furu na samaki wengine wadogo walikaushwa kwa jua, lakini sangara ana mafuta mengi na hukaushwa kwa moshi au hukaangwa. Ukaushaji wa moshi unahitaji kuni, hivyo ongezeko la sangara liliongeza mahitaji ya kuni katika visiwa na maeneo ya pwani ya ziwa.

Sangara si chanzo pekee

Ni muhimu kueleza kuwa sangara hakulibadili ziwa peke yake. Katika kipindi hichohicho, udongo na mbolea kutoka mashambani, majitaka ya miji na taka za viwandani viliongeza virutubisho majini. Mwani uliongezeka, maji yakapoteza uangavu, na katika maeneo ya kina kirefu oksijeni ilipungua. Gugu maji, lililoonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, liliongeza tatizo kwa kuziba ghuba na mialo.

Maji yasiyo maangavu yaliwaathiri furu kwa njia isiyoonekana kwa urahisi. Majike wa furu huchagua madume kwa rangi zao. Mwanga unapokuwa hafifu, rangi hazitofautishiki, na spishi zilizokuwa zikitengana huanza kuzaliana na kuchanganyika. Kwa hiyo, baadhi ya spishi zilipotea kwa kuliwa na nyingine kwa kuchanganyika na jirani zake.

Ulinganisho na maziwa mengine unaonesha jambo hilo vizuri. Katika Ziwa Turkana na Ziwa Albert, sangara huishi na samaki waliozoeana naye kwa maelfu ya miaka. Katika Ziwa Tanganyika wapo samaki wa ukoo wa sangara ambao ni wenyeji, akiwamo mgebuka, nao huishi pamoja na samaki wengi wa jamii ya furu. Madhara hutokea pale samaki anapohamishiwa kwenye maji ambayo viumbe wake hawakuwahi kujifunza kumkwepa.

Faida na gharama kwa wananchi

Kiuchumi, matokeo yalikuwa makubwa. Samaki waliovuliwa katika ziwa zima waliongezeka kutoka takriban tani 100,000 kwa mwaka katika miaka ya 1970 hadi zaidi ya tani 500,000 kufikia mwaka 1990. Viwanda vya kuchakata minofu vilijengwa Mwanza, Musoma na miji mingine ya ziwa, na ajira zikapatikana kwa wavuvi, wachuuzi, mafundi wa mitumbwi, madereva na wafanyakazi wa viwandani.

Faida hizo ziliambatana na gharama. Minofu ilipoelekezwa viwandani, wananchi wengi wa kipato cha chini walibaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki baada ya minofu kutolewa. Wanawake waliokuwa wakinunua na kukausha samaki wadogo walikuta biashara imehamia mikononi mwa wenye mitaji. Aidha, uchumi unaotegemea samaki mmoja na soko la nje ni rahisi kuyumba, kama ilivyothibitika mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulipozuia kwa nyakati tofauti uingizaji wa samaki wa ziwa hilo kwa sababu za usalama wa chakula.

Furu wanaorejea

Kadiri uvuvi wa sangara ulivyoongezeka katika miaka ya 1990, sangara wakubwa walipungua na baadhi ya spishi za furu zikaanza kuonekana tena, hasa wale wanaokula vijidudu vinavyoelea na wale wanaokula mabaki ya chini ya maji. Waliorejea hawakuwa sawasawa na waliotoweka. Watafiti wamebaini kuwa baadhi yao wana matamvua makubwa zaidi yanayowawezesha kupumua katika maji yenye oksijeni kidogo, na wamebadili mlo kwa kula vyakula vikubwa kuliko awali.

Urejeo huo unatia moyo, lakini ni wa spishi chache. Wavunja konokono, wala samaki na makundi mengine mengi hayajarudi katika hali ya awali, na spishi iliyotoweka haiwezi kurudishwa.

Usimamizi wa sasa

Kumwondoa sangara kabisa katika ziwa la ukubwa huo haiwezekani, na nchi husika hazilengi kufanya hivyo. Lengo ni kumvua kwa kiwango kinachodumisha uvuvi na kuwapa samaki wa asili nafasi ya kuendelea kuwapo. Uvuvi unaofuata kanuni unasaidia mambo yote mawili, kwa kuwa unapunguza idadi ya sangara wakubwa wanaokula samaki wengine huku ukiwaacha wachanga wakue na kuzaliana.

Kenya, Uganda na Tanzania zilianzisha Taasisi ya Uvuvi ya Ziwa Victoria (LVFO) kwa mkataba uliosainiwa mwaka 1994, makao yake makuu yakiwa Jinja, Uganda. Nchini Tanzania, uvuvi unasimamiwa na Wizara ya Mifugo na Uvuvi chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya Mwaka 2003 na kanuni zake. Tafiti hufanywa na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), iliyoanzishwa mwaka 1980. Katika mialo, Vikundi vya Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi (BMU) hushirikiana na maofisa uvuvi katika ulinzi wa rasilimali.

Miongoni mwa masharti yanayopaswa kuzingatiwa ni kutovua, kutouza na kutochakata sangara mwenye urefu chini ya sentimita 50. Sharti hilo lina msingi wa kibaiolojia: sangara wengi walio chini ya urefu huo bado hawajazaa, na majike huchelewa kukomaa kuliko madume. Makokoro, nyavu za timba, sumu na baruti ni marufuku kwa sababu huangamiza samaki wachanga wa aina zote, wakiwamo furu walioponea. Mwaka 2018, Wizara iliendesha Operesheni Sangara kwa lengo la kudhibiti uvuvi na biashara haramu ya samaki wachanga.

Wajibu wa mwananchi

Ulinzi wa ziwa hautegemei wavuvi peke yao. Mnunuzi anayekataa sangara wachanga sokoni hupunguza soko la uvuvi haramu. Mkulima anayeacha uoto wa asili kandokando ya mto na ziwa huzuia udongo na mbolea kuingia majini. Mafunjo na matete ya ufukweni, ambayo mara nyingi huonekana kama vichaka visivyo na maana, ndiyo maficho ya samaki wa asili na hayapaswi kufyekwa wala kuchomwa moto.

Kwa wafugaji wa samaki, somo la sangara lina uzito wa pekee. Kuhamisha samaki hai kutoka ziwa, mto au bwawa moja kwenda jingine, au kuingiza aina mpya kutoka nje ya nchi, kunahitaji kibali cha mamlaka za uvuvi. Samaki wachache wanaotoroka bwawani wakati wa mafuriko wanatosha kuanzisha kizazi kipya mtoni. Mwananchi anayetaka kuanza ufugaji, au anayemwona samaki asiyemfahamu katika maji ya eneo lake, anashauriwa kuwasiliana na ofisa uvuvi wa kata au halmashauri yake kabla ya kuchukua hatua yoyote.

Uamuzi wa kumleta sangara ulifanywa na watu wachache, kwa nia ya kuongeza chakula, na ulipofanyika tahadhari zilikuwa zimekwisha kutolewa. Wananchi wa nchi tatu wanaishi na faida na hasara zake hadi leo, na kuulizia kibali kabla ya kumwaga ndoo ya vifaranga katika maji mapya ni kazi ya siku moja tu.